Baiskeli ya titani aliyoniachia mgeni: niuze kwa nani, na kwa bei gani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani. Mgeni mmoja, Mjerumani mrefu sana, alikaa kwangu karibu mwaka mzima, na alipoondoka 2019 akamwachia mume wangu baiskeli yake ya milimani. Alisema ni ya titani, na kwamba alitengenezewa kwa kupimwa mwili kama mtu anavyoshonewa suti. Imekaa stoo tangu hapo. Haina rangi, ni ya kijivu tu. Fundi wa sokoni ameiona akasema ni alumini ya kawaida. Shemeji yangu anatoa shilingi 300,000 aifunge keria. Siti haipandi wala haishuki, imeganda. Nataka kuiuza nilipe ada za watoto. Nitajuaje thamani yake, na nimuuzie nani?

Jibu: Marahaba dada yangu. Kwanza mwambie shemeji asubiri kidogo. Hajakudharau. Kwa mtu anayetaka keria na gunia, 300,000 kwa baiskeli iliyoganda siti ni bei ya haki kabisa. Ila anataka kununua kitu ambacho hicho chako sicho, na akishakinunua kitamsumbua yeye pia. Amerefuka kiasi gani shemeji? Nauliza kwa sababu kwenye barua yako neno zito si titani. Ni kupimwa. Fremu iliyokatwa kwa mwili wa Mjerumani mrefu ni ghali kwa sababu hiyo, na ni ngumu kuuzika kwa sababu hiyohiyo. Wenye pesa za kununua baiskeli wapo, hata hapa kusini. Wewe unatafuta mwenye miguu ile.

Tuanze na fundi wa sokoni. Simlaumu, maana titani haimpitii mikononi kila siku. Sumaku haishiki alumini, na titani pia haishiki, kwa hiyo sumaku itakwambia tu kwamba si chuma. Angalia maungio. Kwenye fremu nyingi za alumini, ule mshono wa kuchomelea ni mnene, umevimba kama kidole cha mtoto, au umesagwa ukawa laini kabisa. Mshono wa titani ni mwembamba, una mawimbi madogo yaliyolaliana kama sarafu zilizopangwa ukazisukuma kidogo. Mabomba yake nayo ni membamba kuliko ya alumini, maana titani ina nguvu zaidi. Uzito wake uko katikati: sentimita moja ya ujazo ya titani ni kama gramu 4.5, ya alumini 2.7, ya chuma inakaribia 7.9.

Kisha chukua sponji la kijani la kusugulia sufuria, jipya, lowesha kidogo, usugue sehemu iliyojificha chini ya mtalimbo, lile bomba la juu la fremu, kufuata bomba lilivyolala. Kama fremu ilimaliziwa kwa kusuguliwa hivyo kiwandani, mikwaruzo ya miaka itapotea mbele ya macho yako na kijivu kitarudi. Hiyo ni raha ya titani isiyo na rangi. Usitumie waya wa chuma wa kusugulia masufuria, kwa sababu unaacha chembe za chuma ambazo zitaota kutu halafu mnunuzi aseme fremu yako inaoza. Na mtu yeyote asiguse fremu kwa tupa wala mashine ya kusaga ili "tuone cheche". Ni kweli cheche za titani ni nyeupe kali na kila fundi wa vyuma anazijua, lakini kila cheche ni kipande cha fremu yako kinachoondoka.

Ukimaliza hapo, igeuze baiskeli magurudumu juu, ufute tope chini ya kitovu cha pedeli. Kuna namba. Mara nyingine imechongwa nyuma, karibu na ekseli ya gurudumu. Ipige picha, pamoja na jina lolote lililo kwenye shingo ya mbele. Ukikuta Moots, hao ni wa Steamboat Springs, Colorado. Seven ni wa Massachusetts. Lynskey ni wa Tennessee, ile familia iliyoanzisha Litespeed. Fremu mpya peke yake ya kupimwa kutoka kwa watu wa aina hiyo ni maelfu ya dola kabla hujafunga hata gurudumu. Ukikuta Waltly, au hakuna jina kabisa, huenda imetengenezwa China, Waltly wako Xiamen, na bei ya mpya inashuka sana. Zipo nzuri huko pia. Watengenezaji wengi wa fremu za kupimwa hutunza michoro ya kila fremu kwa namba yake, kwa hiyo waandikie barua pepe fupi: namba hii, picha hii, naomba vipimo na mwaka. Mara nyingi wanajibu. Usitegemee dhamana yao, kwa kawaida dhamana ya fremu humwishia mnunuzi wa kwanza.

Sasa ile siti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bei yako ilipolala.

Hewa ya Mikindani ina chumvi, unaijua kuliko mimi: mabati, bawaba, nyaya, vyote vinaliwa. Titani hailiwi. Ungeweza kuitupa fremu ile kwenye ghuba ukaikuta imeota chaza lakini haina kutu. Tatizo ni kwamba nguzo ya siti iliyomo ndani yake kwa kawaida ni ya alumini, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, unga unavimba, unajaza nafasi yote kati ya nguzo na bomba. Kama yule bwana hakupaka grisi hata mara moja mwaka mzima, hilo linatosha.

Fundi wetu wa kawaida akikuta nguzo imeganda anawasha moto. Kwa fremu ya chuma yenye nguzo ya chuma, sawa. Kwa hii ni makosa. Alumini ikipata joto inatanuka zaidi ya mara mbili ya titani, kwa hiyo ukichoma unaikaza. Tunachotaka ni baridi. Niliwahi kuifungua moja ya namna hii hapa Lindi, ya daktari mmoja. Tuliiweka magurudumu juu, tukamimina mafuta mepesi ya kulegezea nati kupitia ndani ya fremu baada ya kutoa ekseli ya pedeli, tukaiacha siku tatu, tukiongeza asubuhi na jioni. Siku ya nne nikamtuma kijana feri kwa wavuvi akaleta barafu ndoo moja. Tukaiponda, tukachanganya na chumvi ya mawe ya kutosha, kwa sababu barafu yenye chumvi inapoa zaidi ya barafu tupu, tukaifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu kuzunguka sehemu ya nguzo iliyochomoza. Nusu saa. Kisha tukabana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa; nguzo, dada, si fremu, maana fremu ukiibana kwenye jiliwa unaibonyeza kama kopo la soda. Watu wawili wakashika fremu nzima wakaizungusha taratibu, kidogo kulia, kidogo kushoto. Mara ya kwanza hakuna kitu. Tukaongeza barafu. Mara ya tatu ikalia "tik", sauti ndogo kama kucha ya kuku kwenye bati, na unga mweupe ukaanza kumwagika kama unga wa muhogo. Kuanzia hapo ni kuvuta na kupaka mafuta, kuvuta na kupaka mafuta.

Isipofunguka kwa barafu, kuna watu watakwambia umimine kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni. Inafanya kazi: inaila alumini na kuiacha titani. Lakini inachemka, inatoa gesi inayoshika moto, na inaunguza jicho la mtoto mara moja. Nyumba ina wageni na watoto, usifanye. Bora uuze ikiwa imeganda, useme imeganda, ushushe bei.

Sasa utaona kwa nini nimeng'ang'ania siti. Baiskeli ya kupimwa ina wanunuzi wachache tayari. Nguzo ikiganda, hao wachache wanabaki wale tu ambao mguu wao unalingana na wa Mjerumani kwa sentimita moja. Ukiifungua, mtu wa sentimita tano pungufu au zaidi anaingia sokoni.

Baada ya hapo, nyufa. Osha fremu, ikauke, uichunguze juani kwa kuilaza mwanga upite kiubavuubavu. Sehemu za kuangalia ni pale bomba la chini linapoungana na shingo ya mbele, juu kabisa nguzo ya siti inapoingia, na yale mabomba mawili yanayopita kando ya cheni, hasa karibu na pedeli na pale breki ya diski iliposhikwa. Tumia kamera ya simu uikuze. Mstari mwembamba unaopita kandokando ya mshono, usiofutika kwa kitambaa, ndio wa kutia shaka. Kama una ndugu au mpangaji anayefanya kazi ya ukaguzi wa mabomba ya gesi, huko Madimba au Msimbati, muulize kama anaweza kukupulizia ule wino mwekundu wa kukagulia mishono: unapulizwa, unafutwa, kisha dawa nyeupe juu yake, na ufa unajichora wenyewe. Dakika ishirini, na picha ya fremu isiyo na ufa baada ya kipimo hicho itakuuzia kuliko maneno yangu yote.

Ukikuta ufa, acha hapohapo. Usimpe mchomeleaji. Titani ikichomelewa hewani inakunywa oksijeni na kuwa ngumu yenye kuvunjika kama kigae; inataka gesi ya agoni nje ya bomba na ndani yake pia. Mshono mzuri unang'aa kama fedha au una unjano hafifu. Bluu nzito au kijivu chenye unga ni dalili kwamba hewa iliingia.

Vipimo. Huhitaji vifaa vya ajabu, hata fundi mwashi ana pima maji na futi. Simamisha baiskeli wima sakafuni, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya kitovu cha pedeli, kisha kutoka sakafuni hadi juu ya shingo ya fremu, pale chuma cha usukani kinapoingilia. Toa ya kwanza kwenye ya pili: hicho ni kimo ambacho waendesha baiskeli hukiita staki. Kisha rudia kwa usawa: kutoka ukutani hadi katikati ya kitovu cha pedeli, na kutoka ukutani hadi katikati ya juu ya shingo. Tofauti yake ndiyo richi. Namba hizo mbili ndizo mnunuzi anayejua atakuuliza kabla hajauliza bei. Mwandikie pia urefu kutoka katikati ya kitovu cha pedeli hadi juu ya siti kama ilivyo sasa. Ukigawa urefu huo kwa 0.883 unapata makadirio ya mguu wa ndani wa mwenye baiskeli, kutoka msambani hadi chini. Mfano, ukipata sentimita 80, mguu wa yule bwana ni kama 90 na nusu, yaani mtu wa karibu mita 1.90. Mpime shemeji mguu wake kwa futi hiyohiyo. Nadhani mazungumzo yataishia hapo bila ugomvi.

Andika pia namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 26, 27.5 au 29. Na angalia magurudumu yanavyofungwa. Kama kuna chuma kinene unachokizungusha na kukichomoa chote, mara nyingi milimita 15 mbele na 12 nyuma, ni mfumo mpya. Pima na nafasi ya ndani pale gurudumu la nyuma linapokaa: milimita 135 ni ya zamani, 142 ni ya katikati, 148 ilianza kuenea karibu 2015. Mnunuzi anauliza hivyo kwa sababu akiharibu gurudumu anataka kujua kama atapata jingine.

Breki, kama ni za mafuta, zisimwagiwe mafuta ya breki za gari hivihivi. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini, nyingi za SRAM na Avid zinatumia DOT kama gari, na ukichanganya raba za ndani zinavimba. Imeandikwa kwenye kifuniko, isipoandikwa acha kama ilivyo. Foku ya mbele yenye hewa nayo imekaa tangu 2019 bila kufunguliwa, raba zake zimekauka. Usiigharamie. Sema tu: haijafunguliwa tangu 2019.

Bei, kwa maoni yangu. Ikiwa ni ya 26 yenye mfumo wa zamani, hata kama jina ni kubwa, usitarajie zaidi ya milioni 1 hadi 1 na nusu hapa nchini. Wanaozipenda wapo lakini ni wakusanyaji, na wengi wako mbali. Ikiwa ni ya 29, gurudumu la nyuma milimita 142 au 148, haina ufa, siti imefunguka, ningeanzia milioni 3 na nusu na nisingeshuka chini ya 2 na nusu bila sababu. Siti iliyoganda, toa laki sita hadi nane kwenye hesabu hiyo. Dalali atakwambia uipasue uuze vipande, magurudumu huku, breki kule. Dar labda. Mtwara vipande hivyo havina mtu, na fremu tupu itarudi stoo.

Nani atanunua? Watu watakwambia subiri msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba pesa itazagaa. Pesa itazagaa kweli, kuanzia Masasi mpaka Tandahimba, lakini itakwenda kwenye bati, pikipiki na ada. Mkulima wa Newala akinunua baiskeli anataka ibebe madumu ya maji na gunia kupandisha mlima, anataka keria, anataka spoku anayoipata duka lolote. Baiskeli yako huenda haina hata tundu la keria, na ikiharibika huko hakuna atakayeigusa. Kwa hiyo msimu usikusubirishe. Mnunuzi wako ni mmoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, Arusha au Moshi, walio kwenye makundi ya WhatsApp ya mazoezi ya asubuhi, mrefu, anayejua titani ni nini na amekosa hela ya mpya. Ukiwa na mtu yeyote ndani ya kundi kama hilo, mtumie picha kumi na vipimo vyako. Picha uzipige asubuhi, baiskeli imeegemea ukuta mweupe upande wa cheni, usukani umenyooka, kisha namba ya fremu, maungio yote, na kila mkwaruzo kwa karibu. Usifiche mkwaruzo. Mtu wa Dar akisafiri kilomita 560 kuja kuona alichofichwa hatarudi, na atawaambia wenzake.

Karatasi. Muombe yule Mjerumani, kama mna mawasiliano, akuandikie ujumbe mfupi: alimpa mume wako baiskeli yenye namba fulani, mwaka 2019. Baiskeli ghali ya mzungu mkononi mwa Mswahili hutiliwa shaka hata kama hakuna kosa, na ujumbe huo unafunga midomo. Muulize pia kama aliiingiza nchini kwa msamaha wa kodi; kama ndivyo, pita TRA kabla ya kuuza, maana kitu kilichosamehewa kikiuzwa kodi yake inaweza kudaiwa. Siku ya mauziano andikeni hati mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, namba ya fremu ndani yake. Mume wako asaini, kwa kuwa ndiye aliyepewa. Na pesa ikitumwa kwa simu, fungua salio lako mwenyewe ulione. Ujumbe wa muamala siku hizi mtu anauandika kwa vidole.

Mnunuzi akiwa mbali, itabidi isafiri na basi. Niliwahi kutuma baiskeli Dar imevikwa mifuko tu. Ikafika na ule mkono wa gea wa nyuma umepinda kama mkia wa pweza, na pale ofisini kwao kila mtu akasema aliikuta hivyo. Tafuta boksi la friji. Toa magurudumu, toa pedeli (ya kushoto inafunguka kinyume, iko hivyo makusudi), geuza usukani ulale sambamba na mtalimbo, na ufungue mkono wa gea wa nyuma uufunge ndani ya fremu kwa kitambaa. Weka kipande cha mti kati ya miguu ya foku na kingine nyuma pale gurudumu lilipokuwa, ili boksi likikaliwa visibanane. Kwenye breki za diski ingiza kadibodi iliyokunjwa mahali pa diski, mtu asije akaminya mkono wa breki njiani vipande vikang'ang'ana. Karani akikuuliza ni nini, taja thamani yake halisi na iandikwe kwenye risiti, hata kama nauli itapanda.

Ukishaipata ile namba ya chini ya pedeli na ukubwa wa tairi, niandikie tena tuisome pamoja. Na barafu ununue ya asubuhi, ya jioni inakuwa imeshaanza kuyeyuka.